Vyumba 35 kwanza, ngumi baadaye: The 36th Chamber of Shaolin (1978)

Ukimwekea picha hii mtu aliyezoea ngumi kila baada ya dakika tano, utamsikia akiuliza: mbona hawapigani? Sehemu kubwa ya katikati haina adui kabisa. Kuna kijana mwenye kipara anayebeba ndoo za maji, anayegonga kengele, anayefuata moto wa mshumaa kwa macho na kupiga magunia ya mchanga kwa paji la uso. Karibu saa nzima inakwenda hivyo. Na saa hiyo ndiyo inayonifanya niiweke The 36th Chamber of Shaolin mbele ya picha zote za kungfu za zamani kwa mtu anayetaka kuelewa pigano zuri linatengenezwaje. Kila chumba cha mafunzo kinamfundisha kijana huyo, San Te, kitu kimoja, na papo hapo kinakufundisha wewe uliyekaa kwenye kiti mahali pa kutazama. Ngumi zinapoanza kurushwa, jicho lako limeshapita shule.

Ilitengenezwa na studio ya Shaw Brothers ya Hong Kong na kutoka mwaka 1978. Inakwenda kwa takriban dakika 115. Marekani ilioneshwa kwa jina la Master Killer, kwa hiyo ukikutana na jina hilo usidhani ni picha nyingine. Mwongozaji ni Lau Kar-leung, na mapigano aliyapanga yeye mwenyewe. Hilo lina uzito. Katika picha nyingi za Hong Kong za zama hizo, mwongozaji alishughulika na hadithi, na wakati wa ngumi ukifika alimwachia kamera mpangaji wa mapigano. Matokeo yake unauona mshono: watu wanazungumza katika picha moja, wanapigana katika picha nyingine. Hapa mshono huo haupo, maana aliyepanga ngumi ndiye aliyepanga na kimya kinachozitangulia.

Lau Kar-leung hakuisomea kungfu studio. Baba yake, Lau Cham, alifundishwa na Lam Sai-wing, na Lam Sai-wing alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, mganga na mwalimu wa Hung Gar, mtindo wa kungfu wa kusini mwa China, ambaye jimbo zima la Guangdong linamjua. Kabla ya kushika uongozi wa picha, Lau alikaa miaka mingi akipanga mapigano pamoja na Tong Gaai, hasa katika picha za mwongozaji Chang Cheh. Stelingi wake, Gordon Liu, anayecheza San Te, naye alifunzwa ndani ya nyumba hiyo hiyo ya akina Lau. Kwa hiyo anapoambiwa akae chini zaidi, anajua chini ni wapi.

Hadithi yenyewe haina mafumbo. Liu Yude, mtoto wa muuza samaki, anavutwa na mwalimu wake kwenye upinzani dhidi ya Wamanchu, wageni kutoka kaskazini wanaoitawala China. Siri inavuja, nyumba yao inateketea, na yeye anakimbilia hekalu la Shaolin akiwa na jeraha mguuni. Anapokewa, anapewa jina la San Te, anafagia ua mwaka mzima kabla hajathubutu kuomba kufundishwa. Adui ni Jenerali Tien Ta, anayechezwa na Lo Lieh, mtu yule yule aliyekuwa stelingi wa King Boxer mwaka 1972. Hayo yanatosha, tuingie ndani.

Usiruke majina ya mwanzo. Gordon Liu yuko peke yake kwenye jukwaa la studio, mikononi amevaa bangili nzito za chuma, anafanya mikao na mapigo ya Hung Gar bila mpinzani. Wengi hupeleka mbele. Tulia uangalie mapaja na viwiko. Hung Gar inakaa kwenye mkao wa farasi: miguu imepanuka, magoti yamekunjwa, nyayo zimelala chini nzima, mgongo wima. Pigo halitoki begani, linatoka kwenye kisigino, linapanda kwa nyonga, ndipo linafika ngumi. Ukishaliona hilo mara moja, utaanza kuwatambua waigizaji wanaorusha mikono tu huku miguu imelala. Zile bangili nazo si pambo. Zinaufanya mkono uwe mzito, na mkono mzito haukubali kurushwa ovyo. Usipousukuma kwa mwili wote unakuvuta na kukuyumbisha.

Hekalu lina vyumba 35. San Te, kwa pupa ya ujana, anaomba kuanza na cha juu kabisa, chumba cha maandiko matakatifu. Anatupwa chini asijue hata kilichompiga. Anashuka hadi cha mwisho, na cha mwisho kinamdhalilisha: mbele ya ukumbi wa chakula kuna maji, juu ya maji kinaelea kifurushi cha magogo, na asiyevuka hapo bila kutumbukia hali. Wenzake wanapita kama wanatembea barazani. Yeye anaruka kwa nguvu zake zote, na nguvu hizo ndizo zinazomzamisha. Somo ni kwamba gogo linaloelea halikatai uzito, linakataa mshindo. Ukikanyaga katikati yake na kuondoka kabla halijajibu, linakubeba. Lau haelezi hilo kwa maneno. Anamwacha kijana alowe, aende alale na njaa, arudi, alowe tena, mpaka wewe mwenyewe unaanza kumsogeza mguu kwa mawazo.

Chumba cha ndoo ndicho ninachokiona bora kuliko vyote kwa upande wa picha. Watawa wanabeba maji, ndoo mkono huu na ndoo mkono ule, mikono imenyooshwa pembeni kama mabawa. Upande wa ndani wa kila mkono, karibu na kwapa, kimefungwa kisu, ncha ikielekea mbavuni. Mkono ukichoka ukashuka, ncha inaingia kwenye nyama. Hakuna haja ya mtu kusema kwamba ni hatari. Kisu kipo, mbavu zipo, na bega linaanza kutetemeka mbele ya macho yako. Yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani anajua maumivu yanaanzia wapi, lakini ndoo ya kawaida huning'inia kando ya paja, uzito ukishuka wima kupitia mifupa. Hapa uzito uko mbali na mwili, na msuli wa bega peke yake ndio unaoushika. Baadaye, San Te anapokinga panga kwa mkono ulionyooka na mkono usirudi nyuma hata kidogo, huhitaji kuambiwa umetoka wapi.

Halafu kuna chumba cha kifundo cha mkono. Mti mrefu, mwishoni pana uzito, na kazi ni kugonga kengele kwa mpigo sawa huku umeshika mti kwenye mwisho wake wa pili. Ni mizani tu. Kilo 1 ikiwa mita 3 kutoka mkononi inakitaka kifundo kifanye kazi ile ile ya kuzuia kilo 30 zilizo sentimita 10 kutoka hapo. Ndiyo maana San Te mgongo wake unajipinda na mabega yanajaribu kuiba kazi. Hilo ndilo kosa la kila anayeanza fimbo: anaipiga kwa mabega. Fimbo inayopigwa kwa mabega inatoka polepole, inajitangaza, na haiwezi kusimama mahali unapotaka. Fimbo inayopigwa kwa kifundo inatoka fupi na ncha inatetemeka ikifika. Rudi uone mazoezi yake ya fimbo mbele kidogo, utaiona ile ncha ikitetemeka.

Chumba cha macho ni kidogo na kizuri. Mshumaa unatembea huku na huku, na San Te anatakiwa aufuate kwa macho peke yake. Kila upande wa uso wake umesimama ubani mkubwa unaowaka, hivyo akigeuza kichwa anaungua shavu. Kwa mpiganaji maana yake ni kwamba kichwa kikigeuka, mabega yanafuata, na mabega yakifuata umeshajifungua upande mmoja. Kwa kamera maana yake ni nyingine: uso wa Gordon Liu umejaa skrini, haujongei, ni mboni tu zinazotembea. Ni mwendo mdogo kuliko yote katika picha nzima, na unasisimua kuliko mateke mengi ya kuruka. Chumba cha magunia ya kupiga kwa kichwa kinapendwa na watoto; kinafanya kazi yake, tuendelee.

Kila chumba kinajengwa kwa hatua zile zile, lakini haichoshi. Kwanza unaona aliyebobea akikifanya kirahisi. Kisha mgeni anashindwa, na kushindwa kwake kunaonesha kiungo gani kimekosea. Kisha usiku, peke yake, anajaribu njia nyingine. Kisha anaweza, na picha haikawii hapo kumpigia makofi. Inakata, tuko chumba kingine. Mpangaji mvivu angeonesha mafanikio tu, jasho na muziki wa kupanda. Lau alijua kwamba anayeangalia hujifunza kwenye kosa.

Sasa pigano la panga na fimbo, ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi yote. San Te amemaliza vyumba na anatakiwa kuwa msimamizi wa chumba kimojawapo, lakini mkuu wa nidhamu wa hekalu, anayechezwa na Lee Hoi-san, anampinga na kumtaka wapimane. Mkuu huyu anatumia panga fupi za jozi, zile zinazoitwa panga za kipepeo. Bapa lake ni pana, urefu wake ni kama kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, na mpini una kinga ya chuma inayozunguka vidole pamoja na kindoano kidogo nyuma ya bapa. San Te anashindwa, na anashindwa tena.

Kushindwa huko kuna sababu unayoweza kuiona. Silaha ndefu ina nguvu kwenye ncha. Mradi mpinzani yuko mbali, mwenye urefu ndiye bwana. Panga za jozi hazishindani na urefu huo. Zinasubiri pigo litoke, panga moja inapokea fimbo na kuinasa kwenye kindoano, na kabla fimbo haijavutwa nyuma mwenye panga ameshapiga hatua moja ndani. Akishaingia, fimbo ndefu ni mzigo. Huwezi kuirudisha, huwezi kuizungusha, na panga ya pili iko huru. Angalia miguu ya Lee Hoi-san: kila anapokinga, anakinga akisogea mbele. Harudi nyuma ili akinge. Hapo ndipo ushindi wake ulipo, na kamera haikufichi, inasimama pembeni kiasi cha kukuonesha nafasi kati ya watu wawili ikipungua.

Dawa anaipata akiwa kwenye mianzi: silaha ya vipande vitatu vilivyounganishwa kwa minyororo. Kila kipande kwa kawaida ni kama sentimita 60 hadi 70, jumla karibu mita 2. Ubora wake ni kwamba urefu wake haujakaa mahali pamoja. Adui akiwa mbali unashika kipande cha mwisho na kukiachia kingine kiruke kwa urefu wote. Adui akiingia, unakusanya: vipande viwili vya nje vinakuwa virungu viwili mkononi, cha kati kinakuwa ngao, na minyororo inaweza kuzungushwa kwenye bapa la panga na kulifunga. Yaani ile hatua ya kuingia ndani, iliyompa mkuu wa nidhamu ushindi kila mara, ndiyo sasa inayomtia mtegoni. Huhitaji mtu akusimulie. Umeona tatizo mara ya kwanza, umeliona tena, na unaiona dawa ikipachikwa mahali pale pale palipouma.

Silaha hii ni ngumu, na ugumu wake unafaa kujulikana ili umheshimu anayeitumia. Kipande kinachoruka hakisimami kwa amri yako. Kikikosa au kikigonga kitu kigumu kinarudi, na kinarudi kwa kasi karibu ile ile, kuelekea kiwiko, goti au sikio la mwenyewe. Anayejifunza hujipiga mwenyewe kabla hajampiga mtu. Namna ya kuituliza ni kuipa mahali pa kufia: kuizungushia nyuma ya bega, kuinasa chini ya kwapa, au kugeuka mwili mzima ili mwendo uishie kwenye duara. Ukimwona Gordon Liu anageuka mgongo katikati ya pigano usidhani anajipamba. Anaimeza nguvu inayorudi. Kwa wachezaji wawili kuna hatari ya ziada. Fimbo ya kawaida unaweza kuisitisha sentimita tano kabla ya uso wa mwenzako. Kipande cha mnyororo hakisitishwi. Panga ya mwenzako isipokuwa mahali ilipokubaliwa, kwenye hesabu iliyokubaliwa, kipande kinaendelea na safari yake mpaka kwenye fuvu. Ndiyo sababu wenye kazi hii huhesabu, na hesabu hiyo huisikii kwenye picha kwa kuwa sauti zote ziliwekwa baadaye, kama ilivyokuwa desturi ya Hong Kong wakati huo.

Tukiwa hapo kwenye hesabu, tuseme habari ya mdundo. Mapigano haya hayakimbii mfululizo. Yanakuja kwa mafungu: mapigo manne, matano, saba, halafu kituo. Katika kituo wote wawili wamegandana, silaha zimekabana, macho yametulia, nusu sekunde, kisha fungu jingine. Asili yake ni jukwaa la opera ya Kichina, ambako mchezaji huganda katika mkao ngoma na matoazi yanapopiga kituo. Aliyewahi kutazama kirumbizi pwani yetu ataelewa mara moja: fimbo hazigongani hovyo, zinaisikiliza ngoma, na ule utulivu kabla ya pigo ndio unaowafanya watu wasogee mbele. Kituo kinampa mtazamaji nafasi ya kujua nani anaongoza. Pigano lisilo na kituo ni kelele. Ukimaliza unakumbuka kwamba watu walipigana, hukumbuki nani alifanya nini.

Kuna makosa matatu yanayoua pigano la silaha, na picha hii inafaa kutumika kama kipimo chake. La kwanza ni silaha kupigana zenyewe. Mchezaji mwoga anaulenga upanga wa mwenzake badala ya mwili, ili asimuumize. Chuma kinalia vizuri, lakini jicho linajua hakuna aliyekuwa hatarini: ukimwondoa anayekinga, pigo lingepita hewani. Kwa Lau, ukimwondoa anayekinga, pigo lingetua shingoni. La pili ni kukinga mapema. Anayekinga ameshakariri, kwa hiyo mkono wake unaondoka kabla pigo halijatoka, na pigano linageuka ngoma ya harusi. Mchezaji mzuri anayajua yajayo lakini anauchelewesha mkono mpaka dakika ya mwisho. La tatu linahusu mapigano ya wengi: watu sita wamemzunguka mmoja, watano wanarukaruka pembeni wakisubiri zamu. Hapa picha hii haina usafi kamili; mapigano ya mwanzo, kabla ya Shaolin, yana askari kadhaa wanaosubiri zamu waziwazi.

Upande wa kamera, skrini ni pana, upana karibu mara 2.35 ya kimo. Lau anaitumia kuweka watu wawili kutoka utosini hadi unyayoni na bado pakabaki nafasi ya silaha kufunguka. Mwili mzima ukionekana hakuna pa kudanganya: mguu ukiwa mfu utauona, mtu akibadilishwa utamtambua. Mapigo mengi yanaingia kwenye kipande kimoja cha picha kabla ya kukatwa, na kinapokatwa, kipande kinachofuata kinaanza pale pale mkono ulipoishia. Hii haikuwa kazi ya kupiga pigano zima kutoka pembe kumi kisha kwenda kuchagua chumbani. Desturi ya Hong Kong ilikuwa kupiga mapigo machache kutoka pembe moja inayoyafaa, kuridhika nayo, ndipo kuhamisha kamera kwa yanayofuata. Ni kazi ya polepole na inachosha, ila kila pigo limewekewa jicho lake.

Watu huuliza kama walikuwa na kasi hiyo kweli. Wapiga picha wa Hong Kong walizoea kuipunguza kasi kamera kidogo wakati wa mapigano. Picha ikipigwa kwa fremu 22 (vipicha 22 vya filamu) kwa sekunde na kuoneshwa kwa 24, mwendo unaongezeka kwa takriban asilimia 9. Ikipigwa kwa 20, unaongezeka kwa asilimia 20. Asilimia 9 hailiumbi pigano ambalo halipo. Mtu asiyejua atakosea kwa haraka zaidi, basi. Ukitaka kuitambua mbinu hii angalia nguo na vumbi badala ya mikono: kitambaa kikitua upesi kuliko kawaida, kamera ilipunguzwa.

Kasoro zipo. Robo ya kwanza ni nzito na inachezwa kwa sauti ya juu. Wanafunzi na mwalimu wao wanatoa hotuba, na ungetamani zipunguzwe nusu. Sehemu nyingi za nje ni jukwaa la studio, anga lake limechorwa na mwanga wake haubadiliki. Kamera inapenda mno kuvuta sura ya mtu ghafla kutoka mbali, tabia ya studio nzima miaka hiyo, na mara nyingine inalikata pigano lililokuwa linapumua vizuri. Wanawake karibu hawana nafasi. Lakini lawama yangu kubwa ni ya mwisho wa picha. Baada ya kutoka hekaluni San Te anakusanya vijana wa mtaani kuwa wanafunzi wake, na hao wote wanapita mbio kama abiria wa daladala. Chumba cha 36 ndicho kilichoipa picha jina lake, ni wazo zuri la kuitoa elimu ya hekaluni na kuwapa watu wa kawaida, na kinapewa dakika chache kuliko ndoo za maji. Tien Ta naye hana muda wa kutosha wa kututisha. Lo Lieh ana uso unaoweza kubeba chuki kubwa kuliko aliyopewa hapa, na pigano lao la mwisho, ingawa limepangwa vizuri, linakuja likiwa na deni la hisia ambalo halilipwi lote.

Kabla ya kulipia nakala yoyote, kagua mambo machache. Kwanza upana. Kanda na nakala nyingi za zamani zilikatwa kingo ili zijae televisheni ya mraba. Ukitoa uwiano wa 2.35 ukabakiza 1.33 umetupa karibu asilimia 43 ya picha, na kinachotupwa ni ncha za silaha na mara nyingi mpinzani mzima. Pigano la vipande vitatu likikatwa hivyo halieleweki. Jaribio ni rahisi: katika majina ya mwanzo, kama mikono ya Gordon Liu ikinyooka inatoka nje ya skrini, rudisha. Pili, muda. Nakala za mfumo wa PAL, uliotumika kwa kanda zetu Afrika Mashariki, hukimbia fremu 25 kwa sekunde, hivyo dakika 115 zinakuwa kama 110 na nusu, na sauti zinapanda kidogo. Hiyo si nakala iliyokatwa matukio. Ni kasi tu. Lakini ukiona dakika 100 au chini, kuna chumba kimeibwa. Tatu, sauti. Chagua ya Kichina yenye tafsiri ya maandishi. Yapo matoleo ya DVD yaliyobadilishiwa milio ya ngumi na chuma ikawekwa mipya, minene, isiyokaa na mdundo wa mapigo. Ukiweza kupata sauti ya awali ya spika moja, ichukue hiyo. Picha safi kuliko zote nilizolinganisha iko kwenye seti ya Arrow ya mwaka 2022, Shawscope Volume Two, ambayo ina picha zote tatu za mfululizo huu. Seti hiyo ni ghali, na diski za Blu-ray hufungwa kwa maeneo fulani ya dunia, kwa hiyo hakikisha mashine yako inazisoma kabla hujatoa pesa.

Kuhusu nakala zenye usimulizi. Kungfu kwetu ilikua kwenye mabanda ya video, na sauti ya msimulizi ni sehemu ya ladha yake. DJ Afro kwa Kenya na Lufufu kwa Dar es Salaam wameifanya kazi hiyo kuwa sanaa yenyewe. Kwa picha ya vichekesho au ya kufukuzana, mpe msimulizi nafasi. Kwa hii, itazame kwanza bila yeye. Vyumba vya katikati vimejengwa kwa kimya, mlio wa kengele, mshindo wa maji na pumzi, na msimulizi yeyote mwenye bidii atahisi ana wajibu wa kuvijaza.

Ukishaimaliza, usikimbilie ya pili kwa kudhani ni mwendelezo. Return to the 36th Chamber ya 1980 ina Gordon Liu yule yule, lakini anacheza mlaghai anayejifanya San Te, na kungfu yake anaipata kwa kufunga jukwaa la ujenzi kuzunguka hekalu. Ni ya kuchekesha na ina akili. Kwa mtu aliyependa pigano la panga na vipande vitatu, inayofuata ni Heroes of the East, pia ya 1978, pia ya Lau: silaha moja ya Kichina dhidi ya moja ya Kijapani, pambano baada ya pambano, na hakuna anayekufa. Lakini kabla ya hiyo, irudishe hii nyuma mpaka pambano la kwanza na mkuu wa nidhamu, zima sauti, na umtazame Lee Hoi-san peke yake kuanzia magotini kwenda chini.